TV inazunguka kiduara usiku, simu zinakwenda: kabla hujapandisha kifurushi

Swali la msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam: "Mtaalamu, habari za kazi. Nyumbani tuna faiba ya Mbps 20. Ruta ilifungwa chumba cha mbele, pale waya ulipoingilia, na TV ya inchi 43 iko sebuleni, upande wa pili wa nyumba. Mchana TV haina shida. Ikifika saa mbili usiku, YouTube na Netflix zinazunguka tu, ilhali simu yangu inafungua kila kitu. Nikanunua ruta ya pili nikaiweka koridoni, nikaiunganisha na ya kwanza kwa waya uliokuwa ndani ya boksi lake. TV imepata nafuu kidogo, lakini sasa simu haiioni TV nikitaka kurusha video, na printa nayo imepotea. Fundi anasema nipande Mbps 40. Nipande? Na mpangaji wangu wa uani anatumia Wi-Fi hiyo hiyo, pamoja na kamera ya getini."

Salama kabisa, dada. Usipande kwanza. Kwa maelezo yako, faiba inayofika nyumbani inawatosha. Kinachokwama ni zile mita chache kati ya ruta na TV, na kifurushi kikubwa hakizigusi. Hata ukilipia Mbps 100, saa mbili usiku TV itakuwa palepale.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Netflix wanashauri Mbps 5 kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na Mbps 15 kwa 4K. YouTube nao wako karibu na hapo, isipokuwa 4K yao wanaiwekea 20. TV yako ikicheza HD kamili imechukua robo ya kifurushi. Ongeza simu mbili za watoto zinazotazama video kwenye kioo kidogo, ambako 480p inapendeza tu, ongeza WhatsApp ya mpangaji na kamera ya getini: bado una akiba. Fundi wako angekuwa na hoja kama ungekuwa na TV mbili zinazocheza 4K kwa wakati mmoja. Hukuniambia hivyo, na sidhani kama alikuuliza.

Sasa pima, na upime mahali penye tatizo, saa ya tatizo. Kupima mchana kwa simu ukiwa umesimama karibu na ruta kunakuonyesha kwamba faiba inafika, basi. Saa mbili usiku, wakati kiduara kinazunguka, fungua kivinjari cha TV uende fast.com, kipimo cha Netflix wenyewe. Kama TV haina kivinjari, cheza video ya YouTube, ingia kwenye alama ya gia, tafuta takwimu za video. Zitakuja namba ndogondogo juu ya picha. Zinazokuhusu ni mbili: kasi ya muunganisho, na sekunde ngapi za video zimeshawekwa akiba mbele. Akiba ikishuka hadi sifuri ndipo kiduara kinapoanza. Kisha, dakika hiyo hiyo, nenda chumba cha mbele na kompyuta, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta ya kwanza, upime tena.

Kompyuta ikikupa 18 au 19 na TV ikakupa 3, huna haja ya kubishana na mtu: kasoro iko ndani ya nyumba. Zote mbili zikikupa 3, basi faiba yenyewe inazidiwa usiku, na hapo mpigie mtoa huduma ukiwa na namba mkononi na saa ulizopima. Ukiwa na namba, wa huduma kwa wateja hatakuishia kwenye "zima, washa". Na kama kwenye kile kiboksi cha faiba taa ya LOS inawaka nyekundu, usiguse mpangilio wowote; mwanga haufiki, mara nyingi kwa sababu ule waya mwembamba umekunjwa sana au umekatika njiani, na hilo ni la mtoa huduma.

Kuhusu simu yako kufungua kila kitu, isikudanganye. Kwanza, zima bando la simu kabla ya kupima. Simu nyingi zikiona Wi-Fi inasuasua zinahamia bando kimyakimya, wewe unasifu ruta kumbe unakula MB zako. Pili, simu unatembea nayo hadi mahali penye mawimbi mazuri bila hata kufikiri. TV imebanwa ukutani, antena yake ndogo iko nyuma ya paneli yenye bati, imegeukia tofali. Na baadhi ya TV za bei nafuu zina Wi-Fi ya bendi ya 2.4 peke yake.

Hapo kwenye bendi ndipo jibu la "mbona usiku tu?" lilipo. Ruta yako inarusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi lakini nafasi yake ni finyu: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Mtaani kwako kila nyumba ina ruta, na zote zinagawana hizo tatu, pamoja na spika za bluetooth na maikrowevu. Wi-Fi ni kama kikao chenye kipaza sauti kimoja: wakati mmoja anaongea, wengine wote wanasubiri, wakiwemo wa kikao cha jirani ambacho sauti yake inaingia kwenu. Saa nne asubuhi watu wako kazini, kipaza sauti kiko huru. Saa mbili usiku mtaa mzima umerudi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hawalitegemei. Kifaa kilicho mbali kinaharibia hata walio karibu. Simu ya mpangaji huko uani, nyuma ya kuta tatu za tofali za saruji, inapata mawimbi hafifu, kwa hiyo ruta inaiteremshia mwendo ili isikike. Video ile ile ambayo simu iliyo karibu ingeimaliza kwa muda mfupi, yeye anaichukua kwa muda mrefu mara kadhaa, na muda huo wote TV inangoja. Hajafanya kosa lolote, maskini, wala hamalizi Mbps zako. Anamaliza hewa.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa nyumba yoyote ni huu: kisichohama kipewe waya. TV haihami, kompyuta ya mezani haihami, printa haihami. Ukiviondoa hivyo hewani, simu zinabaki na nafasi yake, na TV haina habari tena na jirani.

Kwako kazi yenyewe si kubwa. Nunua waya mmoja mrefu wa mtandao kutoka chumba cha mbele hadi sebuleni, wa aina ya Cat5e au Cat6. Kwa urefu wa nyumba hutaona tofauti. Zote zinabeba gigabiti 1 hadi mita 100. Tofauti ya maana iko kwenye madini. Madukani kuna waya wa shaba tupu, na kuna wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao ni rahisi, ni mwepesi, na ukikunjwa mara mbili tatu unakatikia ndani bila kuonekana. Mwambie muuzaji akukatie kipande cha mwisho, menya uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukibaki mwekundu hadi ndani, lipa. Ukitoa weupe wa sufuria, mrudishie. Kwenye boksi wa alumini huandikwa CCA, lakini maandishi ya boksi mimi siyaamini kama ninavyouamini wembe.

Fundi akija kubana vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya kuchomeka mwisho wa waya, simama naye. Rangi zifuate mpangilio mmoja pande zote mbili, kuanzia kushoto, kile kishikizo cha plastiki kikiwa kimeelekea chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kijani kinavyotenganishwa na mwenzake, bluu mbili zikiwa katikati. Hapo ndipo wanapokosea wanaopanga kwa mpangilio wa macho, kijani na kijani pamoja: waya unapita kwenye kile kipimo chao cha taa nane, taa zote zinawaka kwa zamu, halafu mtandao unakatika-katika au hauji kabisa, kwa sababu jozi iliyosokotwa pamoja imetenganishwa. Ganda la nje nalo liingie hadi ndani ya kichwa na kubanwa humo. Nyuzi zikining'inia nje, siku moja mtoto atavuta.

Usiupitishe waya huo ndani ya bomba moja na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Darini panafaa, au trankingi ya plastiki pembeni mwa ukuta.

Mtu atakwambia tundu la LAN la TV, yaani la waya wa mtandao, lina mwisho wa Mbps 100, kwa hiyo Wi-Fi ya kisasa ni bora. Ni kweli, TV nyingi, hata za bei kali, zimewekewa tundu la 100. Lakini video nzito kuliko zote unazotazama inahitaji 20, na kifurushi chako ni 20. Hiyo 100 isiyoyumba usiku ina faida kuliko 300 ya kwenye karatasi.

Turudi kwenye ruta ya pili, kwa sababu hiyo hukupoteza hela. Umeichomeka tu kwa namna ambayo watu karibu wote huichomeka. Ulichukua waya kutoka ruta ya kwanza ukauingiza kwenye lile tundu la WAN la ruta ya pili, lenye rangi tofauti na mengine. Kwa kufanya hivyo ulitengeneza nyumba mbili ndani ya nyumba moja. Ruta ya pili inagawa anwani zake yenyewe na kufunga mlango nyuma yake. Ukitaka kuhakikisha, fungua taarifa za mtandao kwenye simu yako ikiwa kwenye ruta ya kwanza, kisha kwenye TV. Utakuta simu ina kitu kama 192.168.1.14 na TV ina 192.168.0.5. Namba tatu za kwanza hazilingani, basi hao hawaonani. Intaneti wote wanaipata, ndiyo maana mtu hashtuki, lakini kurusha video kutoka simu kwenda TV, au kutuma karatasi kwenye printa, kunataka wawe mtandao mmoja.

Dawa ni kuivua ruta ya pili cheo chake. Iwe kituo cha kurusha Wi-Fi na kugawa nyaya tu, kazi ya kugawa anwani ibaki kwa ruta ya kwanza. Ingia kwenye mipangilio yake kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ruta nyingi za miaka ya karibuni zina sehemu imeandikwa AP au Access Point. Chagua hiyo, hifadhi, imekwisha. Kama yako haina, fanya kwa mkono: ibadilishie anwani yake yenyewe iwe ya familia ya ruta ya kwanza lakini isiyogongana na mtu, mathalani 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, zima DHCP yake, yaani ile kazi ya kugawa anwani, halafu toa waya kwenye tundu la WAN, uchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Fuata mpangilio huo huo. Ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, unaweza kujifungia nje, ukaishia kubonyeza kitundu cha reset kwa sindano. Na hakikisha ruta ya kwanza yenyewe haigawi hiyo .2, kwenye DHCP yake anzisha ugawaji kuanzia .10 au .20.

Kisha iondoe koridoni. Waya mrefu uje hadi sebuleni, ruta ya pili ikae kwenye meza ya TV, na TV ichomekwe hapo kwa kawaya kafupi. Kisimbuzi nacho kikitaka intaneti kwa ajili ya vipindi vya kuchagua, kina tundu lake hapo. Kwa chaneli za kawaida dishi linatosha, hakihitaji mtandao wowote. Printa isogee hapo pia. Wi-Fi ya ruta ya pili ipe jina na neno la siri sawasawa na ya kwanza ili simu ziwe zinahama zenyewe mkitembea, ila chaneli za 2.4 zitofautiane: moja iwe ya 1, nyingine ya 11 au ya 6, kutegemea majirani. Upana wa chaneli kwenye 2.4 uache megahezi 20. Wanaoweka 40 wakitafuta kasi, mtaani kwetu wanajiongezea makelele.

Bendi ya 2.4 usiizime hata ukishauriwa. Kamera za getini za bei ya kawaida na printa nyingi za nyumbani haziijui 5 kabisa, na zitapotea siku hiyo hiyo.

Kama waya haupitiki kwa vyovyote, labda nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki tundu ukutani, jaribu kwanza kuiunganisha TV na bendi ya 5 ikiwa inayo, na kuisogeza ruta ya kwanza iwe juu ya kabati, siyo ndani ya kabati, wala nyuma ya friji au kioo kikubwa. Gigahezi 5 ina chaneli nyingi na majirani wachache kwa sababu haipenyi kuta, na hiyo ndiyo shida yake pia: kuta mbili za tofali zinaimaliza. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vya kurudia mawimbi mimi sivipendi kwa TV. Vya bei rahisi vinapokea na kurusha kwa redio hiyo hiyo moja, kwa hiyo nusu ya muda inaliwa na kurudia kilichokwishasemwa. Vipo pia vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme wa nyumba; vinaweza kukufaa, lakini visichomekwe kwenye stabilaiza wala kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, maana hizo huchuja na mawimbi yake.

Mpangaji mwachie huduma, ila mfungulie mtandao wa wageni kwenye ruta ya kwanza, wenye jina na neno la siri lake. Kwenye ruta nyingi mtandao huo unapata intaneti lakini hauoni vifaa vyako vya ndani, na baadhi zinakuruhusu kuuwekea kikomo, mathalani Mbps 5. Angalizo: usiiunganishe TV yako huko kwa bahati mbaya, maana simu itaacha kuiona tena, na utaniandikia upya. Kikomo hakitarudisha ile hewa niliyoizungumzia kule juu, lakini TV ikiwa kwenye waya, hilo halitakusumbua sana.

Hukuuliza, lakini kwa kuwa swali hili halichelewi kufuata: ukishawishiwa ununue TV boksi la Android la bei ya kutupa ili "kuongeza kasi", achana nalo. Mengi hayana kibali cha Netflix, kwa hiyo hata ukiwa na kifurushi cha 4K yanakuonyesha 480p, picha imefifia na wewe unailaumu faiba. Lililo baya zaidi, mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu virusi vilivyopewa jina BADBOX 2.0, vinavyokutwa kwenye vifaa vya aina hiyo, vingine vikiwa vimewekwa kabla havijafika dukani, na vinaugeuza mtandao wa nyumba yako kuwa njia ya wahalifu. Kama tayari unalo, lihamishie kwenye mtandao wa wageni leo.

Ukimaliza kufunga na TV bado inagoma kufungua Netflix huku YouTube inacheza, tazama saa na tarehe ya TV kabla ya kumwita mtu. Umeme ukikatika baadhi ya TV hurudi tarehe ya zamani, na programu zinakataa kuunganishwa kwa kuona vyeti vya usalama haviendani na wakati. Iweke ijipangie saa kutoka kwenye mtandao.

Umeme ukikatika TV itazima, lakini simu na kompyuta zinaweza kuendelea ukiwa na kile kibetri kidogo cha UPS cha ruta. Sasa utakuwa na vifaa viwili, pengine vitatu kama kiboksi cha faiba kimetengana na ruta, na vyote vinatakiwa viwe na umeme ndipo mtandao ufike sebuleni. Soma kwenye adapta ya kila kimoja kabla ya kununua: vingi ni volti 12, vingine ni 9, na plagi zake zinaweza kulingana kabisa. Ruta ya volti 9 ukiichomeka kwenye 12 inaweza kuungua. Ampea za kibetri zilingane au zizidi jumla ya vifaa unavyovichomeka hapo.

Anza na kile kipimo cha saa mbili usiku, kabla hujanunua hata waya. Niandikie namba ulizozipata kwenye TV na kwenye kompyuta, pamoja na aina ya ruta ya pili, nikuelekeze menyu yake ilipo.